Anayeshiba Njiani na Wanaomngoja Nyumbani

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyetuumba kisha akaturuzuku. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake, Maswahaba zake na kila aliyeshika njia yao. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika kurasa hizi tumezoea kuwakemea wengine. Tumewaandika waganga na hirizi zao, tumewaandika wanaopandisha mahari, tumewaandika wanaokopa kwa riba ili wafanye harusi ya siku moja. Mwezi huu tunaomba ruhusa tuandike juu ya jambo ambalo sisi wenyewe, wanaoandika na wanaosoma, tumo ndani yake mpaka kwenye viwiko. Nalo ni kile chakula cha usiku ambacho mwanamume hukila barabarani, kabla hajafika kwake.

Tuanze na tukio. Mji wetu wa Tanga, baada ya sala ya Isha, una harufu yake. Moshi wa mishikaki huku, karai la chipsi kule, kachumbari inakatwa, pilipili inasagwa, na masanduku ya soda yamepangwa ukutani. Darsa yetu ya Jumatano ilikuwa ikimalizika wakati huo huo. Ikawa desturi kwamba walimu wanne au watano, pamoja na baadhi ya ndugu wanaohudhuria, tunavuka barabara na kukaa kwenye mabenchi ya muuza chipsi mmoja. Pale tuliagiza, tukala, tukaendelea kujadili mas'ala ya darsa. Hatutasema kwamba kikao kile hakikuwa na faida. Kilikuwa nayo, na baadhi ya mambo mazuri ya madrasa yetu yalipangwa pale, vidole vikiwa na mafuta.

Usiku mmoja alipita mbele yetu kijana wa madrasa yetu, mwenye umri wa miaka kumi na mitatu. Mkononi alikuwa na chupa ndogo. Mama yake alikuwa amemtuma dukani kununua mafuta ya kupima, yale ya shilingi 500. Baba yake alikuwa amekaa nasi, na mshikaki u mdomoni. Kijana akatusalimia wote kwa mpangilio, kama tulivyomfundisha. Baba akamwita, akatoa sarafu ya shilingi 200, akamwambia akanunue pipi. Kijana akashukuru, akaenda zake. Alipokwisha kupotea kwenye kona baba yake akatuambia, huku akicheka, kwamba watoto hawa ukimpa mmoja mshikaki usiku huu, kesho watakuja wote.

Na sisi tukacheka. Makala hii tunaiandika kwa sababu ya kicheko hicho.

Haukupita muda mrefu, darasani tukafika mlango wa nafaqa katika Matn Abi Shujaa. Kijana yule yule akanyoosha mkono akauliza: "Ustadhi, anachokula baba nje, kinahesabiwa katika nafaqa?" Tukamjibu haraka kwamba swali hilo si la kitabu hicho, aendelee kusoma. Hatukusema kweli. Ni la kitabu hicho hasa, na tangu siku ile tumekuwa na deni la jibu.

Jibu lenyewe ni hili. Katika Matn Abi Shujaa, kitabu ambacho mwanafunzi wa Kishafii wa pwani hii hukutana nacho mapema, nafaqa ya mke imewekewa kipimo. Mume mwenye wasaa anadaiwa mudi mbili kila siku za chakula kikuu cha mji wake, mwenye dhiki mudi moja, na aliye baina yao mudi moja na nusu. Mudi kwa mizani ya leo ni nusu kilo na kidogo juu yake. Wengi wetu husoma mpaka hapo, tukaona kwamba maadamu sembe imo ndani basi dhima imetoka shingoni. Lakini maneno hayaishii hapo. Maimamu wameambatanisha na chakula hicho kitoweo. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277 Miladia, katika kitabu chake Minhaj ameitaja nyama kwa jina lake, akaipima kwa uwezo wa mume na desturi ya mji. Na miongoni mwa wanazuoni wa madhehebu haya wamo walioihesabu nyama kwa wiki, wakaichagulia siku ya Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ambayo watu huwapanulia watu wao. Nyama ya Ijumaa, ambayo sisi tunaiita anasa, wenzetu waliiandika katika mlango wa haki za watu.

Kisha wakasema jambo jingine linalotisha zaidi kwa anayefikiri. Nafaqa ya mke isipotolewa hubaki kuwa deni juu ya mume, hata miaka ipite. Nafaqa ya mtoto haina kipimo cha mudi, bali ni kiasi cha kumtosheleza, na kwa asili ya hukumu haigeuki deni: siku ikipita imepita, isipokuwa kadhi awe ameingilia kati. Huenda yuko atakayefurahi kusikia hivyo, akaona amesamehewa. Asifurahi. Wanazuoni walikuwa wakieleza namna ya kudaiana mbele ya kadhi, hawakusema kwamba mtoto aliyekosa jana amelipwa leo. Chakula cha mtoto ni cha siku yake. Mfupa uliokosa chakula katika miaka miwili ya mwanzo haungoji baba apate nafasi mwaka wa tano.

Na hili halisemwi na vitabu vya fiqhi pekee. Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika nchi yetu asilimia 30 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao kimebaki nyuma ya umri wao. Idadi hiyo ilikuwa imeshuka kutoka asilimia 34 za utafiti wa 2015 na 2016, tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa hilo. Lakini tazama mkoa ulioongoza: ni Iringa, mkoa wa mahindi, ambako zaidi ya nusu ya watoto walikutwa katika hali hiyo. Basi tatizo si ghala peke yake. Ghala linaweza kujaa ilhali sahani ya mtoto ina ugali na mchuzi wa chumvi, kila siku, asubuhi uji mweupe na jioni ugali mweupe. Sababu za udumavu ni nyingi, yakiwemo maji machafu na maradhi ya kuharisha, na hatusemi kwamba mishikaki ya baba ndiyo iliyowadumaza watoto wa nchi hii. Tunasema kwamba yai, dagaa, maharage, maziwa na kipande cha nyama vina mahali vinapohitajika zaidi, na mahali hapo si tumbo la mtu mzima wa miaka arobaini aliyekwisha kurefuka.

Baada ya swali la kijana yule tulikaa na ndugu mmoja katika sisi, akakubali tupige hesabu yake kwa uwazi. Kila asubuhi huacha nyumbani shilingi 6,000. Nyumbani mna watu sita: mke, mama yake mzazi, na watoto wanne. Katika fedha hizo mama wa nyumba hununua unga, mboga, mafuta, sukari na mkaa, na watu hawali mkaa. Usiku, ndugu yetu huyu hula chipsi mayai ya shilingi 3,000, mishikaki minne ya shilingi 500 kila mmoja, na soda ya shilingi 700. Jumla shilingi 5,700. Mtu mmoja, kwa mlo mmoja tena wa ziada, anakaribia kula walichoachiwa watu sita kwa siku nzima. Tena alipofika nyumbani alikuta amefunikiwa sahani yake, kubwa kuliko za wengine, na aghalabu alikula kidogo kwa adabu akasema amechoka.

Kwa wiki hufanya hivyo mara nne, yaani shilingi 22,800. Kwa bei tulizozikuta sokoni wiki tulipoandika haya, kilo moja ya nyama ya ng'ombe ni shilingi 12,000. Zinabaki 10,800 za dagaa, maharage na mayai. Hatukuwahi kumwambia aongeze mshahara wala aende Oman kutafuta. Fedha anazo, tena anazitoa kila wiki bila ya kukosa. Anachokosea ni mlango anaozipitishia.

Ndugu yetu alinyamaza kidogo, kisha akasema jambo ambalo tunalinukuu kwa faida yake na yetu: "Sikuwahi kuijumlisha." Nasi hatukuwahi. Mtu hujumlisha ada ya shule na kodi ya nyumba. Cha njiani hakijumlishwi, kwa kuwa kila usiku ni kidogo.

Sasa tuje kwenye hoja za wapinzani, na wapinzani katika jambo hili hawako mbali. Tumewasikia kwenye benchi letu wenyewe.

Wapo wanaosema: Mwenyezi Mungu hakuharamisha mishikaki, basi nyinyi mnaharamishaje? Tunasema: hatujaharamisha, na tunajilinda kwa Mwenyezi Mungu tusimharamishie mja wake alichomhalalishia. Kula mishikaki ni mubaha. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika usuli anajua kwamba mubaha ukimfanya mtu aache wajibu, haubaki mahali pake. Kulala mchana ni mubaha. Kulala mpaka Alasiri ikatoka ni jambo jingine. Watu wetu wamekuwa hodari sana wa kuuliza kama kuku amechinjwa na nani na kwa jina la nani, na ni vizuri wanauliza. Swali la pili hawaulizi: kuku huyu aliyechinjwa kihalali, ameliwa na nani, na nani amemkosa?

Wengine wanasema: mwanamume anachoka, ana haki ya kujiburudisha na wenzake. Tunaikubali haki hiyo, na tunaomba tusifahamike vibaya. Hatumsemi dereva wa lori aliyekatiza Segera saa nane za usiku, wala mvuvi, wala mpiga debe wa stendi, wala fundi anayekula mchana kwa mama lishe ili mikono yake iweze kazi. Huyo anakula ili arudi na kitu. Mama lishe naye ni nguzo ya mji. Wengi wao wanawasomesha watoto kwa ule wali maharage, na sahani yake mara nyingi ni bora kuliko ya mikahawa yenye viyoyozi. Wala hatumsemi anayekwenda na mkewe na watoto wake siku ya Idi kukaa ufukweni Raskazone wakala pamoja. Huyo ameishika Sunna ya kuwafurahisha watu wake. Tunamsema mwenye kula chakula cha pili cha usiku, peke yake au na marafiki, huku anajua kabisa kilichomo chunguni kwake.

Tena tumesikia hoja hii: chakula cha nyumbani hakina ladha. Subhanallah! Mke ameachiwa nini akakikosesha ladha? Mpe shilingi 500 za mafuta ya kupima, kisha umdai biriani. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abu Huraira (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) hakupata kamwe kukitia ila chakula, akikipenda alikila, asipokipenda alikiacha. Hakuondoka akaenda kutafuta kizuri zaidi pembeni huku wakeze wakibaki na kile alichokiacha.

Hoja ya mwisho ndiyo iliyotuumiza, kwa sababu ndani yake mna ukweli nusu. Wanasema: mishikaki minne inanitosha mimi, nikiipeleka kwa watu sita haimtoshi yeyote. Tunajibu kwamba ndiyo maana hukupelekewa hukumu ya mishikaki, ukapelekewa hukumu ya chungu. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri (r.a.) kwamba apikapo mchuzi azidishe maji yake na awakumbuke majirani, wasia huo umo katika Sahihi Muslim. Tafakari: majirani, si watoto wa ndani tu. Robo kilo ya nyama juu ya makaa ni ya mtu mmoja. Robo kilo hiyo hiyo ndani ya sufuria, pamoja na viazi, nyanya na maji, ni mchuzi wa nyumba nzima. Na Abu Daud amepokea kutoka kwa Wahshi bin Harb (r.a.) kwamba Maswahaba walimlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wanakula na hawashibi; akawauliza kama wanakula mbalimbali, walipokiri akawaelekeza wakusanyike juu ya chakula chao na walitaje jina la Mwenyezi Mungu.

Hapa tutoke kidogo nje ya njia. Tulipokuwa masomoni Khartoum, miaka mingi kabla vita havijaufikia mji ule mnamo 2023, chakula chetu cha wanafunzi kilikuwa fuli: maharage yale makubwa yaliyopondwa, yakamiminiwa mafuta ya ufuta, na mikate pembeni. Sahani ilikuwa moja. Mpita njia akikaribishwa alikaribishwa kweli, hakukaribishwa kwa ulimi huku mkono unafunika. Wala hakuna aliyekuwa na sehemu yake ya siri, maana sahani ilikuwa mbele ya macho ya wote. Sisi tuliotoka huku Uswahilini tulistaajabu, kisha tukakumbuka kwamba hata kwetu bibi zetu walipakua kwenye sinia. Sinia limeondoka lini majumbani mwetu, na nani aliliondoa, ni mas'ala ya makala nyingine.

Turudi. Mu'awiya bin Hayda (r.a.) alimuuliza Mtume (s.a.w.) haki ya mke juu ya mume ni ipi, na la kwanza alilotajiwa ni kumlisha anapokula yeye. Imepokewa na Abu Daud. Hakuambiwa amlishe kinachobaki, wala amlishe cha chini kuliko chake. Tunaona kwamba neno hilo linamfikia moja kwa moja mwenye kukaa kwenye benchi. Na Hindu binti Utba (r.a.) alipomshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba Abu Sufyani ni mzito wa mkono, akaruhusiwa kuchukua katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, bila ya kumwambia. Wanaume wengi hawapendi hadithi hii isomwe mbele ya wake zao. Sisi tumeisoma katika darsa ya akina mama mwezi uliopita, na yaliyotokea majumbani baada ya hapo tumeyasikia.

Akina mama nao wasijitoe. Tunazijua habari za yai linalokaangwa saa nne za asubuhi mume akishatoka na watoto wakiwa shule, na za chipsi zinazoagizwa kwa bodaboda zikaliwa chumbani mlango ukiwa umefungwa. Hadithi ya Hindu imetaja wana pamoja naye. Hata hivyo hatuzifanyi kesi hizi mbili kuwa sawa: mwenye mfuko ndiye mwenye kuulizwa kwanza.

Ama ile sarafu ya pipi, ina maneno yake. Zawadi kwa mtoto ni jambo zuri, na mzazi anayerudi mikono mitupu kila siku amekosa furaha ya kupokewa mlangoni. Lakini tunachowapa watoto siku hizi si zawadi, ni kufuli ya mdomo. Pipi, ubuyu wa rangi, barafu ya unga wa rangi, na siku ya ukarimu ni soda. Chupa ya soda ya mililita 350 ina zaidi ya gramu 35 za sukari. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, limetaka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na likaona ni bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, ambazo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Chupa moja imeshaupita mpaka huo kwa mtu mzima, na anayepewa ni mtoto wa miaka saba. Nasi tunaishi mlangoni pa Muheza! Msimu ukifika, machungwa yanashushwa kwa malori, yanamenywa kando ya barabara, mengine yanaoza. Na mtoto wa Tanga anakunywa maji ya rangi ya chungwa yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Yai moja la kuchemsha, lile linalouzwa na vijana wenye vibakuli vya kachumbari, ni bei ya mshikaki mmoja. Mletee hilo.

Limebaki jambo moja, nalo ni zito kwa sisi watu wa harakati hii. Kwa miaka mingi tumezipinga hitma na maulidi kwa hoja tunazozijua, na hoja zile bado tunazo. Hatuandiki hapa ili tuzirudishe. Lakini insafu ni wajibu hata kwa unayehitilafiana naye. Kwa watoto wa mtaa, lile sinia la pilau la hitma lilikuwa ndiyo nyama ya mwezi. Walilijua kwa harufu tangu asubuhi, wakaoga wakavaa kanzu. Sisi tumeliondoa sinia. Tumeweka nini mahali pake? Tumeweka kipeperushi. Yuko mzee jirani na msikiti wetu ambaye tumempinga mimbarini kwa maulidi yake ya kila Rabiul-Awwal, na siku hiyo moja huwalisha watoto wa mtaa mzima, wa kwake na wa wasiokwenda kwake. Wakati huo huo sisi wenye Sunna tulikuwa watano kwenye benchi, tukiitafuna kwa vijiti. Zipo Sunna zenye nyama ndani yake, zisizo na shaka kwa yeyote: akika, ambayo wengi wetu tumezaliwa watoto watatu hatujachinja hata moja kwa kisingizio cha uwezo, udhhiya, ambayo tunangoja iletwe na wafadhili, na kulisha tu, bila ya tarehe wala sherehe. Nani kati yetu amehesabu usiku mia za mishikaki ni mbuzi wangapi?

Sa'd bin Abi Waqqas (r.a.) aliambiwa na Mtume (s.a.w.) kwamba kila anachotoa kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu atalipwa, hata tonge anayoitia kinywani mwa mkewe. Ulipwe kwa tonge! Sisi tonge zote tumezitia katika vinywa vyetu, tukaja msikitini kutafuta thawabu za mbali.

Tulipokwisha kuandika haya tulimpelekea baba wa kijana yule ayasome kabla hayajapigwa chapa, kwa kuwa haki yake imo ndani. Aliyasoma barazani kwake, mara mbili. Akatutaka tulifute jina la mtaa, nasi tumelifuta. Mengine akayaacha kama yalivyo. Kijana tumemjibu swali lake mbele ya darasa zima, tukamwambia kwamba anachokula baba nje hakihesabiwi, na kwamba sisi tulikosea kumnyamazisha.

Darsa ya Jumatano sasa inamalizika kwa dua, na kila mmoja anashika njia yake. Wiki mbili za mwanzo muuza chipsi alidhani tumehamia kwa mwenzake wa kona ya pili, akatuma mtu kutuuliza ametukosea nini. Tukamwendea, tukamweleza. Ni mtu anayelisha watoto wake kwa karai lile, hatukutaka kumvunjia riziki. Akatuuliza tunataka afanye nini. Tumemwambia atufungie, na kwa anayenunua nusu kilo mbichi amkatie vipande vya mchuzi. Jumatano iliyopita alifunga vifurushi vitatu.

Wabillahi tawfiiq.